Anayeendesha Mashine ya Moyo

Leo tumzungumzie mhudumu ambaye mzazi hamwoni, ingawa uhai wa mtoto huwa mikononi mwake.

Moyo ukisimama, ubongo hufa kwa dakika chache. Ndiyo maana zamani madaktari waliogopa kuufungua. Mwaka wa 1931 daktari John Gibbon wa Marekani alikesha na mama mgonjwa ambaye damu iliyoganda ilimziba mapafuni, akafariki. Tangu hapo Gibbon akatafuta mashine, mkewe Mary akimsaidia. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, mashine yake ilishika kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26. Tundu la moyo likazibwa, naye akapona.

Ndipo ikakua kazi ya pafyushonisti. Huyu husimamia mzunguko wa damu, oksijeni, joto la mwili na dawa ya kuzuia damu isigande. Hapasui; hufanya kazi pamoja na daktari mpasuaji na mtoa usingizi.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu kabla ya kukubali. Basi ukipelekwa Kenyatta, au Tenwek kule Bomet, uliza: mashine ataendesha nani, na amesomea?

Lakini kinga ni bora. Koo la mtoto lenye bakteria lisipotibiwa laweza kuharibu vali za moyo. Mpeleke kituo cha afya mapema, na dawa azimalize.