"Huyu ana makaratasi": karatasi ya mbwa inasema nini hasa?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Sumbawanga. Baba mdogo akaniita uani kunionyesha kitoto cha mbwa, masikio bado yamelala, miguu mikubwa kuliko mwili. "German Shepherd huyu, ana makaratasi," akasema, akatoa bahasha. "Wewe si unasoma baiolojia? Nisomee." Ndani mlikuwa na karatasi moja: jina la mbwa, Simba, baba yake, Rex, mama yake, Bella, picha ya kichwa cha mbwa na muhuri usiosomeka. Bei ilikuwa imepandishwa kwa ajili ya hiyo karatasi.

Kama nawe umewahi kuambiwa maneno hayo ya "makaratasi", twende kwanza Uingereza, maana mambo haya yalianzia huko.

Mwaka 1859 mji wa Newcastle ulifanya maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Maonyesho yakaongezeka, na tatizo likajitokeza: majina. Mbwa walikuwa wengi, majina machache, na hakuna aliyejua kama Bob aliyeshinda mji huu ndiye Bob aliyeshindwa mji ule. (Usicheke. Simama mtaani kwenu uite "Simba!" uone watakuja wangapi.) Kennel Club ikaundwa London mwaka 1873, na mwaka uliofuata ikatoa kitabu chake cha kwanza chenye mbwa 4,027. Usajili wa majina ulianza mwaka 1880, na mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia majina yasigongane. Nasaba haikupewa uzito sana. Wazo la kitabu lenyewe halikuwa geni: farasi wa mbio wa Uingereza walikuwa na chao tangu 1791. Hata neno pedigrii linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya mguu wa korongo, kwa vile mistari ya ukoo kwenye karatasi za zamani ilifanana na vidole vya ndege huyo.

Sasa tuje kwa ndugu zake Simba. Mwaka 1899, Ufipa ikiwa ndani ya koloni la Wajerumani, ofisa mmoja huko kwao Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa kwenye maonyesho, akampenda, akamnunua, akampa jina la Horand von Grafrath. Mwezi huo huo akaanzisha klabu, na Horand akaandikwa kitabuni kwa namba 1. Namba 1 ilitoka wapi? Kwa mtu aliyeamua kwamba hesabu ianze hapo. Kabla yake walikuwepo mbwa wa wachungaji wa kondoo kwa vizazi na vizazi, ila kitabu hakikuwepo.

Mtu wa Ufipa haya hayapaswi kumshangaza. Sisi tuna simulizi ya Milansi, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliiandika baada ya kukaa huku miaka ya 1960. Mtawala wa Milansi alikuwa ameenda kuwinda, wakaja wanawake watatu wageni, mkewe akawapa kiti. Aliporudi, utawala ulishahama. Ukoo wa Watwa ukatawala, wa Milansi ukabaki na heshima ya wenye nchi wa kwanza. Nasaba zote mbili ni za kweli, ila inayohesabiwa kwenye utawala ilianza siku ya kile kiti.

Baada ya kitabu kuanza, huwa kinafungwa: anayeandikwa ni yule tu ambaye baba na mama wameandikwa. Hapo baiolojia inaanza kudai chake. Ukianza na mbwa wachache na hakuna mgeni anayeingia, ndugu wataoana tu, utake usitake, na magonjwa yaliyojificha kwenye jeni yatajitokeza.

Mfano wenyewe uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbali kwenye misitu ya Kongo. Wazungu walichukua huko mbwa wa kuwindia wasiobweka kama wengine. Wale wa 1895 walikufa kwa ugonjwa. Waliofika miaka ya 1930 wakaishi, na mwaka 1943 klabu ya Marekani ikawatambua kwa jina la Basenji. Lisome tena polepole. Ndiyo, ni ndugu wa neno letu "washenzi", lile tusi la wafanyabiashara wa pwani kwa watu wa bara. Mbwa wa washenzi akawa mbwa wa cheti! Lakini waanzilishi walikuwa wachache mno, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Wafugaji wa Marekani wakarudi Zaire mwaka 1987 na 1988, wakachukua mbwa wa vijijini wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 kitabu kikafunguliwa ili 14 kati ya wageni waingie.

Kwa hiyo nilimsomea baba mdogo hivi. Karatasi ya kweli ina jina la klabu unayoweza kuiuliza (kwa ukanda wetu iko East Africa Kennel Club, Nairobi), namba ya usajili, mara nyingi na namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ya mbwa. Kisha wazazi 2, mababu na mabibi 4, na wazazi wao 8. Usiangalie tu majina ya mabingwa. Tafuta jina linalojirudia upande wa baba na wa mama. Babu mmoja kuonekana pande zote mbili maana yake wazazi ni ndugu wa damu, na ukizalisha kaka na dada, robo ya jeni za mtoto hutarajiwa kuwa nakala mbili za kitu kilekile. Ya Simba haikuwa na klabu wala namba. Ni karatasi tu.

Alinyamaza, kisha akamnyooshea kidole Popi, jike la kienyeji lililolala kivulini kwa mwaka wa tisa sasa. "Na huyu?"

Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini, wa Misri, Namibia na jirani zetu Uganda. Wengi walibeba ukoo wa Kiafrika wa zamani, na Basenji akaangukia upande wao. Rhodesian Ridgeback, mwenye cheti na jina la Afrika, akaonekana ana asili ya nje kwa sehemu kubwa.

Popi hana kitabu cha kumwandika. Ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chafu, imekunjwa mara nne, yenye tarehe za kila mwaka. Simba hakuwa nayo. Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo.