Skrini Nyeusi Haifichi Siri: Hadithi ya Kuchati kwa Terminali

Kila nikifungua terminali mahali pa watu, swali ni lile lile: "Buda, unadukua benki gani?" Hakuna benki. Mara nyingi namuuliza tu rafiki yangu kama amekula. Programu ninayotumia inaitwa Profanity. Inatuma ujumbe kupitia mtandao wa XMPP, na haina stika, haina picha, haina vitufe vya kubonyeza. Ni maandishi na kibodi, basi. Kwa laptopu yangu nzee inayokohoa nikifungua vichupo viwili vya kivinjari, hiyo ni neema.

Lakini leo siwauzii programu. Tangu 2024 naona vijana wengi hapa Kenya wakiulizana, "App gani ni salama?" Wengine wanadhani kadiri kitu kinavyotisha machoni ndivyo kinavyolinda siri. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, na kuna mtu aliumia kwa sababu yangu. Kabla sijafika hapo, twende nyuma kidogo.

Mwaka wa 1971, Unix ikiwa bado changa, tayari ilikuwa na amri inaitwa write. Kompyuta ilikuwa moja, kubwa, na watu wengi waliitumia kwa pamoja, kila mmoja kwenye terminali yake. Ungeandika write na jina la mwenzako, na maneno yako yangemtokea kwenye skrini hata kama yuko katikati ya kazi. Kama hutaki kusumbuliwa, uliandika mesg n, na mlango ukafungwa. Kwa hivyo hii haki ya kusema "niacheni kidogo" ni ya zamani kuliko wazazi wa baadhi yenu.

Mwaka wa 1988 Jarkko Oikarinen, akiwa Chuo Kikuu cha Oulu kule Ufini, aliandika IRC. Sasa watu wa nchi tofauti waliweza kukaa chumba kimoja na kupiga stori. Amri zilianza na mkwaju: /join, /msg. Ukiona mkwaju huo leo kwenye Discord, ujue asili yake ni huko. Mwaka wa 1999 Mfini mwingine, Timo Sirainen, alitoa irssi, programu ya IRC ya terminali. Profanity imeiga sura yake.

Shida ni kwamba maneno hayo yote yalisafiri uchi. Mwenye seva angeweza kuyasoma, na aliyekaa katikati ya njia pia. Ni kama kumpa makanga wa matatu ujumbe kwa mdomo, akauimba kuanzia steji hadi mwisho wa safari. Skrini ilikuwa nyeusi vilevile, lakini siri haikuwepo.

Kufuli lilitoka kwingine. Mwaka wa 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo wa siri huku kila mtu akiwasikiliza, na bado msikilizaji asiupate. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni uongo. Ni hesabu tu: kuifanya kwenda mbele ni rahisi, kuirudisha nyuma ni balaa.

Mwaka wa 1991 Phil Zimmermann akaweka nguvu ya aina hiyo mikononi mwa mwananchi wa kawaida kwa programu ya PGP. Wakati huo sheria za Marekani ziliuweka usimbaji fiche kwenye fungu moja na silaha, na kuuza nje kulihitaji kibali. PGP ilipovuka mipaka, Zimmermann alichunguzwa kwa miaka mitatu hivi, hadi kesi ilipoachwa Januari 1996 bila mashtaka. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, 1995, MIT Press ilichapisha msimbo wote wa PGP kama kitabu cha karatasi. Programu ilihesabiwa kuwa silaha, lakini kitabu ni kitabu.

PGP ilikuwa na udhaifu kwa watu wanaochati. Ufunguo wako ni ule ule mwaka nenda mwaka rudi. Mtu akiuiba leo, anafungua hata ujumbe wa zamani aliokuwa ameuhifadhi. Isitoshe, ukitia sahihi, hiyo sahihi inabaki kuwa ushahidi kwamba ni wewe uliyeandika. Mwaka wa 2004 Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer walileta OTR. Wazo lao: mazungumzo ya mtandaoni yafanane na ya ana kwa ana. Funguo ni za muda mfupi, zikitumika zinatupwa. Unajua unaongea na nani, lakini baadaye hakuna karatasi ya kumthibitishia mtu wa tatu nani alisema nini. Kama vile mmeongea chini ya mwembe, upepo ukachukua.

Nayo OTR ilitaka nyote wawili muwe mtandaoni kwa wakati mmoja. Kwa watu wa bando la shilingi ishirini, hiyo ni ndoto. Watu wa Signal walitatua hilo kwa kubuni namna ya kubadilisha funguo hata mwenzako akiwa amezima simu. Mwaka wa 2015 mbinu hiyo ikaletwa kwenye XMPP kwa jina la OMEMO, na ndiyo ninayotumia. Kwenye Profanity naandika /omemo start, na kuanzia hapo seva inabeba fujo isiyosomeka.

Hadi hapa ni hadithi ya ushindi. Sasa sikia upande mwingine, ambao ndio unaonikera.

XMPP ilianza kama Jabber, kazi ya Jeremie Miller aliyoitangaza Januari 1999. Ni itifaki wazi, yaani kanuni za mazungumzo ambazo yeyote anaweza kuzifuata. Wewe uko seva hii, mimi seva ile, na tunaongea, kama barua pepe. Google Talk ilipoanza 2005 ilitumia XMPP. Facebook nayo, 2010, ilifungua chati yake kwa programu za XMPP. Yaani ungeweza kukaa kwenye terminali ukaongea na binamu yako aliye Facebook, na yeye asijue uko kwa skrini nyeusi. Halafu 2013 Google ikaja na Hangouts, ambayo haikufuata njia hiyo, na kufikia 2015 mlango wa Facebook pia ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyevunja kufuli. Mwenye nyumba aliamua tu kwamba wageni wote wapitie mlango wake wa mbele.

Hata WhatsApp, ambayo wengi wetu hatuwezi kulala bila kuichungulia, ilijengwa juu ya XMPP iliyobadilishwa. Ni ndugu wa damu na programu yangu, lakini hawaruhusiwi kusalimiana.

Sitawadanganya: WhatsApp imefanya jambo ambalo sisi wa terminali tumeshindwa. Aprili 2016 ilitangaza kwamba mazungumzo yote yamesimbwa mwisho hadi mwisho, kwa itifaki ya Signal, kwa zaidi ya watu bilioni moja. Nyanya yangu ana kufuli la kisasa na hajawahi kulisikia. Mimi kwenye Profanity nina watu wawili. Anayekucheka eti unatumia app ya watoto hajasoma historia.

Sasa ile aibu niliyotaja. Nilipoanza kutumia OMEMO nilijiona komandoo. Rafiki yangu mmoja alinieleza jambo zito la nyumbani kwao, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimemhubiria wiki nzima kuhusu usalama. Kitu hakujua ni kwamba nilikuwa nimeandika /omemo log on, ili nisipoteze kumbukumbu. Kwa hivyo ujumbe ulifika umefumbwa vizuri, ukafunguliwa, kisha ukaandikwa kwenye faili la kawaida ndani ya laptopu isiyosimbwa. Laptopu ikaharibika, nikaipeleka kwa fundi. Alipokuwa akihamisha mafaili yangu, alifungua moja. Aliponirudishia mashine alisema, kwa upole kabisa, "Huyo rafiki yako, pole zake."

Nilimwambia rafiki yangu ukweli siku hiyo hiyo. Alinyamaza wiki mbili.

Kuanzia Diffie hadi OMEMO, watu werevu walitumia karibu miaka arobaini kuziba njia iliyo kati ya mashine mbili. Mimi niliacha mwisho wa njia wazi kwa amri moja. Ukiniuliza leo app gani ni salama, nitakuuliza maswali matatu. Je, mmelinganisha alama za funguo zenu, mkisomeana kwa simu au mkikutana, ili kujua hakuna mtu katikati? Je, ujumbe ukishafika unalala wapi? Na je, mwenye mlango akiufunga kesho, mna mlango wa pili?

Hilo la tatu ndilo linanifanya nisiondoke terminali. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Haki ikishaandikwa inahitaji pia zana ambazo hazishikwi na mkono mmoja. Endelea na WhatsApp yako, mimi pia niko huko. Lakini jifunze njia moja zaidi, hata kama ina watu wawili tu.

Rafiki yangu alirudi. Sikumwita. Jumapili usiku terminali ilimulika jina lake, na hakusema habari yako wala umeshindaje. Aliandika: "Umezima log?"

Nilikuwa nimezima. Tukaanza upya, kwa kusomeana funguo.