Karatasi na Picha za Kale

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu atazamaye picha husifu uso au jengo alionalo, wala haulizi habari za karatasi iliyochukua sura hiyo. Lakini katika siku za mwanzo za upigaji picha, karatasi ndiyo iliyoamua kama kazi itatengenea au itaharibika.

Bwana William Henry Fox Talbot wa Lacock, katika Uingereza, alianza majaribio yake mwaka 1834. Alilowesha karatasi ya kuandikia kwa maji ya chumvi, akaikausha, kisha akaipaka dawa ya fedha; palipopigwa na jua pakawa peusi. Lakini karatasi ile haikufanywa kwa kazi hiyo. Ilifanywa kwa matambaa makuukuu, na pengine ndani yake vilisalia vipande vidogo vya chuma au shaba, kama vile vya vifungo vya nguo. Dawa ilipovigusa, doa lilitokea. Tena Waingereza walitia karatasi zao sherisi ya ngozi ili wino usienee, na Wafaransa walitia wanga. Kila kimoja kilitoa rangi yake. Basi karatasi mbili zilizotengenezwa dawa sawasawa na mkono mmoja, zilizaa picha zisizofanana.

Mwaka 1841 Talbot alipata hati ya serikali ya kulinda njia yake mpya. Kwa njia hiyo picha moja ya karatasi ilipitisha nuru, ikazaa picha nyingine nyingi. Hapo shida ilizidi, maana kila kasoro ya mama ilirithiwa na watoto, hata chapa ya maji, yaani jina na mwaka ambavyo wenye kiwanda waliviweka ndani ya karatasi.

Baadaye karatasi za Rives katika Ufaransa, na za Malmedy, mji ulio leo katika Ubelgiji, zilipata sifa kuu, kwa sababu maji ya huko yalikuwa safi, hayana madini mengi.

Wako hata leo wafanyao picha kwa mkono, na taabu haijaisha. Karatasi nyingi sasa hutiwa chokaa zipate kudumu. Lakini chokaa hiyo hufifisha picha za buluu, ambazo Sir John Herschel alivumbua njia yake mwaka 1842. Lifaalo kitabu laweza kudhuru picha.

Walakini ile chapa ya maji, iliyokuwa udhia kwa Talbot, yawafaa wataalamu wa leo: mwaka ulioandikwa humo huwajulisha kwamba picha ile haikufanywa kabla yake.