Runinga Ikizimwa, Habari Huenda Wapi?

Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Vituo hivyo havikunyamaza, viliendelea kurusha habari mtandaoni. Tarehe 25 Juni 2025 mambo yakajirudia: Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano mubashara, NTV, KTN na K24 vikazimwa, na watazamaji wakahamia mitandaoni mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo.

Kwangu mimi, mitandao ya kijamii imekuwa mlango wa pili wa chumba cha habari. Tena ni mlango wa kuingia na kutoka: mtazamaji hutuma picha, huuliza swali na humkosoa mtangazaji papo hapo, hangoji kadi ya salamu ifike studio.

Lakini tuwe macho kwa mambo mawili. Runinga ya hewani haili bando, mtandao unakula. Bibi wa kijijini asiye na simu ya kisasa hubaki gizani. Pili, picha iliyotumwa WhatsApp huenda ni ya mwaka jana au ya nchi nyingine. Mhariri hana budi kuuliza: nani kaipiga, wapi, lini?

Ndugu msomaji, Kifungu cha 34 cha Katiba yetu kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Mlango wa pili tuutumie, ila tusiache kudai ule wa kwanza ubaki wazi.