Kipindi cha Dini Ni cha Nani?

Haipiti muda mrefu kabla hatujasikia kesi ile ile: msichana amezuiwa langoni kwa ajili ya kitambaa cha kichwani, au mzazi amelalamika kwamba mwanawe analazimishwa kuhudhuria ibada ya dini isiyo yake. Kila inapozuka, ndugu msikilizaji, husemwa kwamba haya ni mambo ya siku hizi. Sivyo hata kidogo.

Huko bara, shule na kanisa vilikuja katika mfuko mmoja. Waulize wazee wa Kikuyu: Mkristo wa kwanza aliitwa muthomi, yaani msomaji. Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926, zote na wamishenari, na serikali ya kikoloni ikaona nafuu kuwapa ruzuku kuliko kujenga shule zake. Pwani ilikuwa hadithi nyingine. Chuo cha Kurani kilikuwepo karne nyingi kabla ya misheni, na mzazi Mwislamu aliitazama shule ya kizungu kwa mashaka: mtoto atarudi na hesabu, lakini je, atarudi na dini yake?

Moto uliwaka mwaka 1929. Wamishenari wa Ukikuyuni, Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti akiwa mstari wa mbele, waliamua kukomesha tohara ya wasichana. Walitaka waumini na walimu waikane, na pia wajitenge na chama cha Kikuyu Central Association. Alama ya kidole gumba waliyotakiwa kuweka iliitwa kirore, na mzozo wote ukachukua jina hilo. Walimu waliokataa walipoteza kazi, na watoto wengi wakajikuta nje ya darasa.

Nataka nieleweke. Kisu kile kilikuwa na madhara, na sheria ya mwaka 2011 imekipiga marufuku nchini kote. Lakini dawati la mtoto kuwekwa rehani kwa msimamo wa mzazi wake ni jambo jingine kabisa. Wazazi walijibu kwa vitendo. Walichanga senti zao wakajenga shule, nyingine chini ya Kikuyu Independent Schools Association, nyingine za Karing'a. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba watu hawa hawakuikataa dini. Mwaka 1935 walimleta kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa kanisa la African Orthodox, awafundishie makasisi wao wenyewe. Walichokataa ni kuwekewa bawabu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilianza kuzifunga shule hizo.

Baada ya uhuru, tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 ililikabili suala hili waziwazi. Ilisema dola ya Kenya haina dini, na kwamba somo la dini lifundishwe kwa kiwango cha masomo mengine, lisiwe chambo cha kuvulia waumini. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki wafadhili, na mzazi akapewa haki ya kuomba mwanawe aachiliwe kipindi cha dini au ibada. Wazazi niliokutana nao walioijua haki hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mimi nimefundisha somo la dini ya Kikristo katika shule ya upili. Kengele ikilia, darasa lilipasuka: Wakristo walibaki, Waislamu wakaenda kwa maalim wao chini ya mwembe, maana chumba hakikuwepo. Wahindu nao wana somo lao katika shule chache. Watoto hawa waliketi pamoja kwenye hesabu na jiografia, lakini saa ya kuulizana "ninyi mnaamini nini?" ndiyo saa waliyotenganishwa. Somo la maadili ya jamii, lililokuja na mfumo wa 8-4-4, lingeweza kuwakutanisha. Katika marekebisho ya mtaala mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa.

Na imani za mababu? Hizo tulizifundisha kidato cha kwanza, kama ukumbi wa kupitia kuelekea Biblia. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama babu yake, anayemwaga pombe chini kabla ya kunywa, ni sura ya kitabu au ni mtu mwenye imani. Nilimwambia akamwulize mzee mwenyewe. Alirudi na masimulizi ya kipindi kizima, na siku hiyo hata Waislamu walibaki darasani.

Kesi ya hijabu ya Isiolo, katika shule iliyofadhiliwa na kanisa la Methodist, ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 iliwapa haki wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi, ikaiachia wizara kazi ya kutunga kanuni. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba msichana wa Kirasta jijini Nairobi asifukuzwe kwa sababu ya nywele zake. Mzazi asiye na pesa za wakili angali anategemea moyo wa mwalimu mkuu aliyesimama langoni.