Mafuta Yalishuka, Vifo Vikapanda

Mtu akipimwa damu akaambiwa mafuta yamezidi, jambo la kwanza analotaka ni dawa ya kuyashusha. Akirudi baada ya miezi michache na karatasi ya maabara ikaonyesha kuwa yamepungua, hufurahi, na daktari wake hufurahi pia. Wiki hii, wasikilizaji wapenzi, tutazame historia ya dawa iliyoleta furaha ya namna hiyo, kisha ikatoa funzo zito.

Mwaka 1962, watafiti wa kampuni ya ICI ya Uingereza walitangaza dawa iitwayo klofibrati. Ndiyo iliyofungua ukoo wa dawa ziitwazo fibrati. Dawa hizi huliamsha ini lichome mafuta kwa wingi zaidi, na huharakisha kuvunjwavunjwa kwa trigliseridi, yaani yale mafuta yasafirishwayo na damu. Siku hizo hakuna aliyejua dawa inaliamshaje ini. Ufunguo wenyewe ndani ya chembe hai ulitambuliwa mwaka 1990. Lakini vipimo vilionyesha kwamba mafuta yanashuka, na wengi waliona hilo latosha. Mwaka 1967 Marekani nayo ikairuhusu.

Wapo waliotaka uthibitisho. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, wanaume wapatao 15,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 59 walifuatiliwa katika miji ya Edinburgh, Budapest na Prague. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa watu waliokwenda kazini kila asubuhi. Wale wenye kolesteroli nyingi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa klofibrati, na jingine vidonge vya mafuta ya zeituni tu. Wakaendelea hivyo kwa miaka mitano na ushei.

Majibu yalitolewa mwaka 1978. Kolesteroli ilikuwa imeshuka kwa asilimia 9 hivi. Mishtuko ya moyo isiyoua ilipungua kwa asilimia 25. Kama hesabu ingeishia hapo, vingepigwa vigelegele. Lakini watafiti walihesabu pia waliofariki. Mishtuko iliyoua haikupungua, na vifo vyote vikijumlishwa, waliomeza klofibrati walikufa wengi zaidi. Hesabu ya mwisho, ya mwaka 1984, ilionyesha kuwa wakati wa matibabu vifo vyao vilizidi vya wenzao kwa asilimia 47. Wengi pia walipata vijiwe katika kifuko cha nyongo, kwa sababu kolesteroli iliyotolewa kwenye damu ilimiminika huko.

Tafakari jambo hili. Mtu mzima wa afya alipewa dawa ili asiugue kesho. Karatasi yake ya maabara ilimwambia anaendelea vizuri.

Klofibrati ikapoteza heshima, lakini ukoo wake haukufa. Mwaka 1987 utafiti wa Helsinki, Finland, ulionyesha kuwa jemfibrozili ilipunguza maradhi ya moyo kwa asilimia 34, ingawa jumla ya vifo haikubadilika. Mwaka 2022 fibrati mpya, pemafibrati, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 10,000. Trigliseridi zilishuka kwa robo hivi, lakini mishtuko ya moyo na kiharusi havikupungua.

Je, fibrati hazina kazi? Zinayo. Mtu ambaye trigliseridi zake zimepanda kupita kiasi yumo hatarini kupata uvimbe wa kongosho, na hapo fibrati humsaidia. Kwa kuukinga moyo, madaktari hutanguliza dawa za statini. Naye anayetumia zote mbili hana budi kuangaliwa kwa makini, kwani baadhi zikichanganywa huharibu misuli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usiache dawa uliyoandikiwa kwa kusikia maneno haya. Ila ukikaa mbele ya daktari, usiulize tu kama dawa itashusha mafuta. Muulize pia: waliokwisha kuitumia, waliishi muda mrefu zaidi?