Kutoka Uhura hadi Wakanda: Kauli za Watazamaji wa Kawaida na Nafasi ya Kiswahili katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kauli za watazamaji wa kawaida kuhusu filamu za bunilizi ya kisayansi na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kuanzia mwaka 1966 hadi miaka ya karibuni. Yanaonesha kwamba kauli hizo zimewahi kubadili majina ya wahusika, kuokoa kazi zilizokaribia kufutwa na kusahihisha kumbukumbu za lugha zilizotumika. Yanaonesha pia kwamba Kiswahili kimekuwamo katika filamu hizo tangu mwanzo, ila kama lugha ya kuazimwa, bila wasemaji wake kushirikishwa. Makala yanahitimisha kwa kudai kwamba sera ya Kiswahili katika nchi jirani, hususan Uganda, haina budi kuyazingatia mazungumzo ya starehe kama uwanja halali wa lugha.

1.0 Utangulizi

Mtu atokapo kutazama filamu ya mashujaa, huanza kusema kabla hajafika nyumbani. Atasema kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa bora kuliko hii, kwamba adui alishindwa kirahisi mno, au kwamba mwigizaji mpya hakulitendea haki vazi alilorithi. Wahakiki wa fasihi na sanaa za maonesho wamezoea kuyaweka maneno hayo kando, wakiyahesabu kuwa soga. Huo ni uamuzi wa haraka. Mwanahistoria wa lugha akiyasikiliza kwa makini hugundua kwamba humo mna hukumu juu ya majina, matamshi, lafudhi na ukweli wa mazingira, na kwamba baadhi ya hukumu hizo zimeacha alama katika filamu zenyewe.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: watazamaji wasio na cheo wala taaluma ya filamu wamechangia nini katika historia ya utanzu huu, na Kiswahili kimepata au kimekosa nini katika mchango huo?

2.0 Mwaka 1966: Jina Linaloazimwa

Mwaka 1966 una uzito wa pekee. Katika toleo la 52 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, Stan Lee na Jack Kirby waliwajulisha wasomaji wa hadithi za katuni nchini Marekani nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda, pamoja na mfalme wake T'Challa. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo, televisheni ya NBC ilianza kurusha Star Trek. Kisha, mwishoni mwa Desemba, Maulana Karenga na wenzake waliadhimisha Kwanzaa ya kwanza mjini Los Angeles, wakizitaja nguzo zake saba kwa Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani. Matukio hayo hayakupangwa pamoja. Hata hivyo, yote yalizuka wakati ambapo Wamarekani Weusi walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja, na nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimetoka kupata uhuru.

Neno hilo hilo, uhuru, ndilo lililoingia katika Star Trek. Nichelle Nichols, aliyeigiza afisa wa mawasiliano wa chombo cha Enterprise, alisimulia kwamba alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962 na yenye kuhusu Kenya. Mtunzi wa mfululizo huo, Gene Roddenberry, alilipenda neno. Likalainishwa likawa Uhura.

Kwa mtaalamu wa isimu, badiliko la irabu moja linasema mengi. Kiswahili hakina jinsi ya kike na ya kiume katika nomino zake. Irabu a mwishoni mwa jina haimfanyi mtu kuwa mwanamke, kama vile irabu u haimfanyi kuwa mwanamume. Kanuni iliyotumika hapo ni ya lugha za Ulaya zenye asili ya Kilatini. Hivyo neno la Kiswahili lenye mzizi wa Kiarabu lilipewa umbo la Kilatini ili lisikike vyema katika sikio la Kimarekani. Mkazo tu ndio uliobaki mahali pake, katika silabi ya pili kutoka mwisho. Maana ya neno iliazimwa, sarufi yake ikaachwa.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kiliishia katika jina. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe mwenye kubadili sura alimwendea Uhura katika umbo la mwanamume Mwafrika na kuzungumza naye Kiswahili. Katika kipindi kingine cha mwaka 1967, Uhura alipopotezewa kumbukumbu na kulazimika kufunzwa upya kusoma, Kiswahili kilimtoka kinywani kama lugha yake ya kwanza. Watunzi walikwishaamua, basi, kwamba katika karne zijazo kutakuwa na mtu anayelelewa kwa Kiswahili na kufanya kazi angani. Sisi wenyewe bado hatujaandika mengi juu ya dhana hiyo.

3.0 Kauli Zinazojenga

Mashabiki wa Star Trek ndio waliotoa mfano wa mwanzo wa nguvu ya kauli za watazamaji. Ilipovuma kwamba NBC ingeufuta mfululizo huo baada ya msimu wa pili, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua. Mapema mwaka 1968 televisheni hiyo iliwatangazia watazamaji hewani kwamba mfululizo ungeendelea. Mwaka 1976 barua za mashabiki zilifika hadi kwa Rais Gerald Ford, na chombo cha majaribio cha NASA kilichokuwa kiitwe Constitution kikapewa jina la Enterprise.

Kauli mashuhuri zaidi ya mtazamaji mmoja ilisimuliwa na Nichols mwenyewe. Alikuwa ameazimia kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Katika hafla moja alikutana na Martin Luther King, aliyejitambulisha kuwa shabiki wake na kumsihi asiondoke, kwa kuwa nafasi aliyoishika iliwaonesha Weusi kama watu wa wakati ujao. Nichols alibaki. Kiongozi huyo hakuzungumza kama mhakiki wa sanaa. Alizungumza kama baba anayetazama televisheni na familia yake.

Mchango unaokihusu Kiswahili moja kwa moja ulikuja mwaka 1982. Kwa miaka kumi na sita Uhura hakuwa na jina la kwanza. William Rotsler, mchoraji na mwandishi aliyekulia katika jumuiya ya mashabiki wa bunilizi ya kisayansi, alimpa jina Nyota katika kitabu alichokiandika kuhusu wahusika wa Star Trek. Jina likaenea katika riwaya na katika vinywa vya mashabiki. Studio ililitamka katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2009, pale Zoe Saldana alipoichukua nafasi ya Uhura, na hata hapo lilitumika kama fumbo ambalo Kirk anahangaika kulijua. Kwa mara hii neno la Kiswahili halikupindwa. Nyota lilibaki nyota, kwa umbo na kwa maana. Mkondo wa mashabiki uliitunza lugha vizuri kuliko mkondo wa studio.

Mfano mwingine unatoka katika Return of the Jedi ya mwaka 1983. Mhusika Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando Calrissian, alitiwa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, aliyetumia lugha za kwao, zikiwamo Kikuyu na Kikalenjin. Kwa muda mrefu maelezo yaliyochapishwa yalidai kuwa lugha hiyo ni Kihaya cha Tanzania. Kwa watazamaji wengi duniani sauti ile ilikuwa mlio wa kiumbe wa sayari ya mbali. Kwa mtazamaji wa Nyeri au Eldoret ilikuwa sentensi. Hapo mtazamaji wa kawaida alijua jambo ambalo maelezo ya kitaalamu yalilikosea.

4.0 Wakanda na Swali la Lugha

Filamu ya Black Panther ilipotoka Februari 2018 na hatimaye kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, mazungumzo juu yake yalifika kila mahali penye jumba la sinema au simu. Wengi waliifurahia kwa mavazi, kwa heshima waliyopewa wanawake mashujaa na kwa wazo la nchi ya Kiafrika isiyowahi kutawaliwa. Upande wetu wa bara, hata hivyo, palikuwa na swali la ziada. Baadhi ya vitabu vya katuni huiweka Wakanda Afrika Mashariki, kando ya Ziwa Turkana, ikipakana na Kenya, Uganda na Ethiopia. Mbona basi watu wake wanazungumza Kixhosa?

Jibu la kihistoria ni rahisi. John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza Mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, aliingiza Kixhosa, ambacho ni lugha yake ya kwanza, katika mazungumzo yake na Chadwick Boseman. Lugha hiyo ikarithiwa na filamu iliyofuata. Wajabari wa milimani wakapewa lafudhi iliyoigwa kwa Waigbo wa Nigeria. Ajabu ni kwamba waigizaji wenye asili ya Afrika Mashariki walikuwamo: Lupita Nyong'o aliyekulia Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda. Wote waliingia katika nchi ya kubuni inayodhaniwa kuwa jirani yetu, wakatamka maneno ya kusini.

Hatuna sababu ya kukionea Kixhosa wivu, na mzee Kani anastahili shukrani. Funzo lililopo ni la kisera: lugha iliingia katika filamu kubwa kwa sababu msemaji wake alikuwapo na alithubutu kuitumia. Mtazamaji aliyeuliza kwa nini Wakanda haisemi Kiswahili alikuwa akiuliza, kwa lugha ya starehe, swali ambalo mabaraza yetu yangepaswa kuliuliza kwa lugha ya kazi.

5.0 Kauli Zinazobomoa

Uadilifu wa kitaaluma unatutaka tuoneshe upande wa pili. Mwaka 2018 mwigizaji Kelly Marie Tran aliziondoa picha zake zote katika ukurasa wake wa Instagram baada ya kutukanwa kwa miezi kadhaa kutokana na nafasi aliyoigiza katika Star Wars: The Last Jedi. Kabla yake, John Boyega alishambuliwa kwa sababu tu ya kuonekana akiwa Mweusi ndani ya vazi la askari wa dola. Kampeni iliyodai toleo la Zack Snyder la Justice League ilifanikiwa, na filamu ikatolewa Machi 2021. Lakini mwaka 2022 iliripotiwa kwamba uchunguzi ulioagizwa na kampuni husika ulikuta akaunti bandia miongoni mwa zile zilizopiga kelele.

Kwa mtafiti, hayo ni maonyo ya mbinu. Wingi wa sauti hauthibitishi wingi wa watu, na mwenye hasira husikika kuliko aliyeridhika. Kauli ya mtazamaji ni ushahidi, na kama ushahidi wowote yafaa ihojiwe: nani amesema, kwa nani, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani.

6.0 Kibanda cha Video kama Uwanja wa Lugha

Katika Afrika Mashariki kauli za watazamaji zina umbo lisilopatikana Hollywood. Mjini Kampala mfasiri wa filamu, maarufu kama vijei, huketi na kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda, akichanganya tafsiri, mzaha na hukumu yake mwenyewe. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya ina DJ Afro. Wafasiri hawa ni watazamaji waliopewa kipaza sauti. Katika filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G. mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe na imependwa na watazamaji wa mabara mengine.

Ulinganisho huu unagusa jambo zito. Uganda imekitangaza Kiswahili mara tatu: kwa agizo la mwaka 1973, kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Bado, kwa Waganda wengi, Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya kizuizi cha barabarani na amri ya askari. Kiganda ndicho kinachochekesha katika kibanda cha video. Lugha iliyojulikana kwa amri haigeuki kuwa lugha ya mapenzi kwa tangazo la nne. Hubadilika pale watu wanapoanza kubishana kwayo juu ya mambo yasiyo na lazima, kama vile nani angeshinda kati ya shujaa huyu na yule.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia tuliyoipitia inaonesha kwamba majina na lugha za filamu hizi hazikuamuliwa na studio peke yake. Shabiki alimpa Uhura jina, mwigizaji aliipa Wakanda lugha, na watazamaji waliitambua Kikuyu mahali wengine waliposikia mlio.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu vya kanda kuhifadhi rekodi za wafasiri wa filamu, maana kanda na diski za miaka ya nyuma zinaharibika, na humo mna istilahi za anga, roboti na silaha zilizobuniwa papo kwa hapo na kukubaliwa na hadhira. Pili, mpango wa kueneza Kiswahili nchini Uganda utenge sehemu ya fedha zake kwa wafasiri walio tayari kusimulia kwa Kiswahili, katika vibanda vilevile na kwa uhuru uleule wa kutania, bila mkaguzi wa sarufi kuwasimamia mgongoni. Walimu na vitabu vitahitajika daima. Lakini mwanafunzi anayefunzwa Kiswahili asubuhi na asiyekisikia tena hadi kesho yake atakihesabu kuwa somo. Anayekisikia jioni kikimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake atakihesabu kuwa lugha.